Iliki ya Bi Mdogo

Siku Mama alipofariki ilikuwa Alhamisi, na uji ulikuwa wa ulezi. Nakumbuka uji kwa sababu nilikuwa jikoni nikiukoroga, na kutoka sebuleni nilimsikia Mama Mkubwa akimsemesha Mama kama kila asubuhi.

"Onja, mwenzangu."

Kimya.

"Haya, nuna. Jana nimesema mboga imezidi chumvi, basi leo hata kuonja huonji. Mwanamke mzima na mvi zako."

Kimya.

"Mimi kidonge changu kimeshashuka. Wewe kaa na iliki yako hapo kwenye kisahani mpaka ipate kutu."

Niliipua sufuria. Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha hatua za Mama Mkubwa zikizunguka meza taratibu, mkono ukipapasa ukingo. Kisha sikusikia kitu kwa muda. Ndipo akaniita. Msibani watu waliniuliza kama alipiga yowe. Hakupiga. Aliita, "Sikitu, njoo," kwa sauti ya mtu anayeomba kijiko.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea ukuta, mkono mmoja juu ya meza. Kisahani chake kilikuwa kitupu. Nikadhani alimeza kidonge chake kwanza, ndipo akafa. Hata nikajiambia kwamba angalau alimeza dawa yake. Sijui kwa nini hilo lilinipa nafuu.

Mama na Mama Mkubwa walikuwa wake wa mtu mmoja. Mama Mkubwa, Bi Kalunde, ndiye aliyeolewa kwanza, na watoto wake hawakuishi. Mama, Bi Tausi, aliletwa baadaye, akanizaa mimi. Baba alipofariki watu walitegemea kila mmoja angerudi kwao. Hawakurudi. Walikaa katika nyumba ile ile ya Isevya, hapa Tabora, wakigombana juu ya chumvi, juu ya dirisha la kufunguliwa na la kufungwa, juu ya nani aliwahi kusema nini mwaka gani. Uzee ulipokuja ulianzia machoni. Mama Mkubwa ana presha ya macho. Anaona mwanga na maumbo, kama mtu anayetazama kupitia mfuko wa nailoni. Mama, sukari ilimla katikati ya jicho, akabaki anaona pembeni tu. Alikuwa akitaka kukutazama lazima ageuze uso, na Mama Mkubwa alimwambia, "Ukitutazama hivyo unatuonyesha dharau." Mama alijibu, "Umeijuaje dharau yangu, na wewe huoni?"

Mimi nafanya kazi kwenye tanuri la zahanati. Jina lake rasmi ni refu, lakini hakuna anayelitumia. Ni mtambo wenye mlango mdogo wa chuma na joto lake husikika ukipita karibu, kwa hiyo watu wakauita tanuri.

Kabla ya tanuri tulikuwa na visanduku vya kusema. Vilitolewa bure kwa kila mzee asiyeona vizuri. Saa ikifika, kisanduku kinafunguka na kutaja dawa kwa sauti. Wazee wengi hawakusikia vizuri, kwa hiyo sauti ilipandishwa. Cha Mama Mkubwa kilitangaza dawa ya kuzuia mkojo siku wageni walipokuja kuleta posa yangu. Wageni wakainamisha vichwa kwenye vikombe vya chai. Kesho yake nilikikuta ndani ya ndoo ya maji, kimezama, bado kinasema kwa mapovu. Baadaye vikaja vikopo vyenye alama za kupapasa. Lakini sukari inaua vidole kabla haijaua mtu, na vidole vya Mama vilikuwa vimeshakufa.

Ulimi ndio uliobaki. Hapo ndipo lilipotoka wazo la tanuri. Dawa zote za mtu za siku moja huokwa ndani ya kidonge kimoja, na juu yake hupakwa ladha aliyoichagua mwenyewe. Mtu hukiweka kwanza ulimini. Kama ni ladha yake, anameza. Kama si yake, anatema. Katika mtaa mmoja, watu wawili hawawezi kupewa ladha moja, na ladha ambazo mzee anaweza kuzitofautisha bila kubabaika si nyingi. Ndiyo maana kuna wanaosubiri. Mzee Lubango, aliyekuwa fundi wa reli, aliomba iliki akakuta imeshachukuliwa na Mama. Akapewa kitunguu saumu. Kila Jumatatu akija kuchukua vidonge vya wiki huniambia, "Mnanimezesha supu, binti yangu."

Siku wazee wetu wawili walipokwenda kuchagua, foleni nzima ilisikia.

"Iliki," alisema Mama.

"Ndiyo," alisema Mama Mkubwa, "si ndiyo iliyokuingiza nyumbani kwangu? Mume wangu alikwenda sokoni kununua asali, akakaribishwa chai ya iliki kwa kina fulani, akarudi na mwanamke."

"Wewe chukua ukwaju," Mama akamwambia. "Ndio uliomtoa."

Watu walicheka mpaka Tabibu Mihayo, mkuu wa zahanati, akatoka ofisini kuangalia. Mama Mkubwa akachukua ukwaju kweli.

Tangu siku hiyo walimeza pamoja kila asubuhi. Mmoja husema "Onja," mwingine huonja na kurudisha tusi. Halafu hubadilishana zamu. Sikuwahi kuwaona wakimeza kimya.

*

Msibani, kama kawaida, viti na meza vilitolewa nje, mikeka ikatandikwa. Kina mama wakaosha kila kilichoosheka. Kwa sheria ya kazi yangu mwenyewe, vidonge vya marehemu vinavyobaki, pamoja na akiba ya miezi miwili ambayo kila mzee hukaa nayo mtambo usije ukaharibika, lazima virudishwe zahanati. Vya Mama vilikuwa na dawa kali ya moyo, ya kuupunguza kasi. Nilikitafuta kikopo chake nikakikuta kimeanikwa juani pamoja na sufuria, kimeoshwa, kitupu. Niliuliza. Hakuna aliyejua.

"Wameviosha pamoja na vyombo," alisema Tabibu Mihayo nilipomweleza. "Kina mama wa msibani hawa, ungekaa vibaya wangekuosha na wewe. Pole, Sikitu."

Nikarudi kazini Jumatatu. Kabla ya kuoka, tanuri hutaja kila jina na kuuliza neno moja: Yupo? Ukibonyeza ndiyo, linaanza kuchanganya. Lilitaja jina la Bi Kalunde, nikabonyeza ndiyo. Likataja jina la Bi Tausi. Sikubonyeza kitu. Nyuma yangu muuguzi aliuliza kama mtambo umekwama. Nikasema haujakwama. Nikabonyeza hayupo, na mrija wa iliki ukajifunga wenyewe kwa sauti ndogo, kama kifuniko cha kalamu. Ladha ya marehemu hufungwa mpaka arobaini ipite. Baada ya hapo hupewa anayesubiri.

Sikulia. Niliendelea na jina lililofuata.

Nyumbani, Mama Mkubwa aliomba meza irudishwe ndani. Kila asubuhi nilimkuta ameshameza kabla sijaleta uji, na sikumsikia akisema kitu. Nilifikiri ni huzuni. Kwenye meza kulikuwa na visahani viwili. Niliviacha. Mtu akiwa na msiba unamwachia visahani vyake.

*

Alianguka mlango wa bafu, mchana, siku chache kabla ya arobaini. Hakuvunjika. Lakini midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na nilipomshika mkono mapigo yalikuwa yanakuja moja, yanakaa, halafu jingine. Gari la zahanati lilikuja likatubeba.

Tabibu Mihayo alimtoa tone la damu akaliweka kwenye kioo kinachosoma dawa zilizomo mwilini. Alitazama majibu, akayatazama tena, kisha akanivuta pembeni, nyuma ya pazia.

"Kuna dawa ya moyo ya Bi Tausi kwenye damu yake."

"Haiwezekani. Kidonge cha Mama kina iliki. Angekitema."

"Hakuna kidonge kizima humu. Ni kidogo kidogo, lakini cha kila siku." Aliishusha sauti. "Moyo wake wenyewe ni wa polepole, unajua. Dawa hii inaupunguza zaidi. Akiendelea hivi, atalala asubuhi moja asiamke."

Kutoka upande wa pili wa pazia Mama Mkubwa akasema, "Nasikia. Macho ndiyo yaliyokufa."

Mihayo akanitoa mpaka kibarazani. Pale akanieleza ninachokijua, kwa sababu mimi ndiye ninayewaeleza wengine. Mzee akikutwa anachanganya dawa ya mwingine huondolewa kwenye tanuri. Hupelekwa Nyumba ya Uangalizi, ambako muuguzi humwekea vidonge ulimini, humwambia apanue mdomo, na kumulika chini ya ulimi kwa tochi. Mtaani wanasema fulani ameondolewa ulimi. Hawarudi. Hufungwa vitambulisho mkononi na hukaa kwenye viti vilivyopangwa ukutani, wakitazama upande mmoja, wasioona na wanaoona.

"Kesho mchana nitakuja kwenu," alisema. "Nitakuuliza swali moja: je, dawa ya marehemu imo ndani ya nyumba hii? Nitaandika jibu lako kama lilivyo, na kuanzia hapo si langu tena. Leo sikuulizi."

"Kwa nini leo huniulizi?"

"Leo nina foleni," alisema, akarudi ndani. Kibarazani hapakuwa na mtu hata mmoja.

*

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Nilimketisha mezani. Nikakaa kwenye kiti cha Mama, kwa mara ya kwanza, na Mama Mkubwa akageuza uso kwa sababu alisikia kiti kikilia.

"Usikalie hicho."

Nikahamia kwenye kigoda.

"Mama Mkubwa, viko wapi?"

Hakujifanya haelewi. Alivuta upindo wa kanga yake, ule ambao wanawake wa rika lake hufungia pesa, akafungua fundo kwa meno. Akavimimina vidonge mezani. Vingine vilikuwa bado na rangi yake ya kijani, vizima. Vingine vilikuwa vyeupe, vimelambwa hadi ganda la ladha likaisha, vimekauka na nyuzi za kanga zimevigandia.

"Sivimezi," alisema. "Mimi si mjinga. Nakiweka ulimini mpaka iliki iishe, uchungu ukianza natema. Namwambia onja, halafu namwonjea."

"Ulivipata lini?"

"Siku ile. Kabla sijakuita."

Nikakumbuka kisahani kitupu. Alikuwa amemwambia Mama akae na iliki yake mpaka ipate kutu. Kwa hiyo kidonge kilikuwepo.

"Ulijua amekufa?"

"Nilijua harufu imekaa mahali pamoja." Alipapasa meza mpaka pale kisahani cha Mama kinapokaa. "Kila siku ile iliki inatoka hapa, inapanda, inaingia mdomoni mwake, inaisha. Siku ile haikupanda. Nikamtukana, haikupanda. Nikazunguka meza nikamshika shavu. Nikasema, sasa watakuja kuosha. Watachukua kila kitu chake, watagawana kanga zake, na hii nayo wataipeleka zahanati. Nikaichukua, na vya kwenye kikopo chake nikavimimina vyote kwenye kanga."

Nilikwenda jikoni. Nilichukua iliki ya dukani, nikaiponda, nikaitia kwenye kisahani na kuiweka mbele yake. Aliinusa. Akaisukuma.

"Hii ni ya chai."

"Si iliki ile ile?"

"Ile ya tanuri ni ya uongo kidogo. Ina utamu wa pipi, na nyuma yake kuna uchungu wa dawa yake ya moyo. Ndivyo alivyokuwa akinuka miaka yote hii ya mwisho. Hii hapa ni ya duka la Mwarabu." Akanigeuzia uso. "Niokee hivyo hivyo, mwanangu. Bila dawa. Unga na iliki tu. Nitakupa hivi vyote."

"Tanuri haliwezi kutoa ladha bila dawa. Ladha ya Mama imefungwa na dawa ya Mama. Nikitaka iliki yake lazima niliambie yupo."

"Basi liambie yupo."

Alilisema kama jambo dogo. Nami, nisiseme uongo, nililifikiria. Ningekuwa peke yangu pale Jumatatu. Lingetaja jina lake, ningebonyeza, na kwa kitambo kile kidogo mrija ungefunguka na chumba kingenuka yeye. Nililifikiria mpaka nikafika mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa Mama Mkubwa kwenye kiti hiki, kichwa kimeegemea ukuta.

"Hapana," nikasema.

"Basi badilisha cha kwangu. Kiwe iliki badala ya ukwaju. Hilo si uongo."

"Kikiwa iliki, na kimoja cha Mama kikibaki mahali fulani, kwenye fundo jingine, chini ya godoro, utakimeza ukidhani ni chako. Ukwaju ndio unaokulinda."

"Huniamini."

Nje mtu alikuwa anapita na redio.

"Kesho mchana Mihayo anakuja," nikasema. "Ataniuliza kama dawa ya Mama imo humu ndani. Nitamjibu kweli. Sasa hivi imo."

Alielewa. Alikaa akivipanga vidonge kwa kidole, vizima upande mmoja, vilivyolambwa upande wa pili. Hakukosea hata kimoja.

"Nyumba ya Uangalizi," alisema, "wanawafunika macho wakati wa kulala?"

"Hapana."

"Nani alinambia wanawafunika?"

"Mama. Alikuwa anakutania."

"Mwongo yule." Akacheka kidogo, pumzi tu. Halafu akasema, "Chemsha maji."

Nilichemsha. Nilileta bakuli kubwa, lile la harusi yake, kwa sababu alilitaja mwenyewe. Alivikusanya vidonge kwa viganja viwili akavitia ndani, vyote, vizima na vyeupe. Nikamimina maji ya moto. Ganda la kijani likaanza kuyeyuka, na mvuke ukapanda.

Ilikuwa iliki ya tanuri, ya uongo kidogo, tamu kama pipi, na nyuma yake uchungu. Ilijaza chumba kana kwamba Mama alikuwa ameingia na kugeuza uso wake pembeni ili atuone. Mama Mkubwa aliinama juu ya bakuli. Nilimshika bega asije akanywa, na alijua kwa nini, akaniachia nishike.

"Onja, mwenzangu," alisema.

Tukasubiri. Mvuke ulipungua.

"Haya. Nuna."

Maji yalipopoa hayakunuka tena kitu isipokuwa dawa. Nilibeba bakuli mpaka chooni nikamwaga, nikamwaga ndoo ya maji juu yake, nikarudi.

"Ni vyote?" nilimuuliza.

"Vyote."

Ana kanga nyingine tisa ndani ya sanduku, kila moja na pindo zake. Sikuzipekua.

*

Mihayo alikuja kesho yake akiwa amevaa koti la kazi, akakataa kukaa.

"Sikitu binti Tausi, je, dawa ya marehemu imo ndani ya nyumba hii?"

"Niliyoonyeshwa imemwagwa," nikasema. "Ninayoijua haimo."

Alinitazama. Kisha akamtazama Mama Mkubwa, aliyekuwa akikwangua ugali uliogandia kwenye mwiko kana kwamba maongezi hayamhusu.

"Haimo," akasema Mihayo, akaandika neno hilo moja. Mlangoni akageuka. "Bi Kalunde, damu yako nitaipima kila Jumatatu."

"Pima. Labda utaikuta na chumvi. Huyu mtoto anapika kama mama yake."

Damu ya Jumatatu iliyofuata ilikuwa safi. Ya baada ya hapo pia. Mapigo yamerudi kwenye upole wake wa kawaida, na rangi imerudi midomoni. Kisahani cha pili, mwenyewe aliniambia nikitoe, kisha akaniambia nikirudishe. Kipo.

Arobaini ilisomwa. Watu walikula wali, kanga za Mama zikagawanywa. Mama Mkubwa hakutaka hata moja. Alisema ni za mwanamke mnene.

Jumatatu baada ya hapo tanuri lilifungua mrija wa iliki na kuuliza ladha hii apewe nani. Niliandika jina la Mzee Lubango. Alipokuja kuchukua vidonge vyake aliweka kimoja ulimini papo hapo, mbele ya dirisha langu, akafumba macho.

"Hiki sasa ni kidonge," alisema. "Alikuwa nacho nani mwanzo?"

"Bi Tausi wa Isevya."

"Alaa. Mama yako?"

"Ndiyo."

Alikaa nacho mdomoni kidogo, hajui ameze au afanye nini.

"Meza, Mzee," nikamwambia. "Ni chako."

Akameza.

Siku hizi iliki naioka mimi, kila Jumatatu, kwa ajili ya Mzee Lubango. Koti la kazi nalivua zahanati, lakini harufu hushika kwenye mtandio. Nikifika nyumbani Jumatatu, Mama Mkubwa huniita nikae karibu yake, na siufui mtandio mpaka Jumanne.